Kicheko Kilichokatwa Mwishoni

4 Februari

Mdogo wangu,

Kwanza tujuliane hali. Huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, ikifika mchana anayasahau, au yanamsahau yeye. Mpwa wako Kifaranga ametoa magego na anauma kila kinachopita karibu. Juzi kaung'ata mguu wa stuli ya marehemu baba yake. Sweta aliyomfumia mkeo bado inamwenea tumboni, ila mikono imeishia kwenye viwiko. Mwambie mkeo mtoto anakua bila kutuuliza.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Laini yangu nimeitoa, iko kwenye kopo la vifungo. Huku wanasema simu zote zinasikilizwa, na mimi siwezi kuzungumza nikijua kuna mtu katega sikio. Hata fundi cherehani, ninayegawana naye kibanda, akiona namba ya mbali anaizima simu na kuiweka chini ya mto.

Jambo lenyewe ni hili. Tangu mwezi uliopita kuna ujumbe wa sauti unarushwa simu hadi simu. Mimi sijausikia, kwa kuwa kisimu changu hakipokei vitu hivyo, lakini nimesimuliwa na watu saba. Anasema mtu mmoja kwamba yeye ni ofisa wa hakimiliki. Anasema wimbo wowote ulionakiliwa bila idhini unajulikana ulipo, kwamba wana mashine inayosikiliza, na kwamba nyimbo zenye sauti ya aliyeziuza ndizo zinazonaswa kwanza. Mwenye simu atachukuliwa yeye na simu yake.

Wewe unajua kazi ya mume wangu. Ulikaa naye kibandani, upande ule wa pazia wenye kompyuta, ukamwona anavyoingiza watu nyimbo kwenye simu. Na unakumbuka kila wimbo aliuanzisha kwa sauti yake mwenyewe: "Fundi Waya anakusalimu. Sikiliza taratibu, usiunguze spika." Alisema wimbo usio na salamu ni kama mgeni anayeingia bila hodi.

Huu ni mwezi wa kumi na moja tangu tumzike, na sijawahi kupita mtaani bila kumsikia. Kwa kinyozi yupo. Kwa muuza mkaa yupo. Kijana anapita na baiskeli, yupo. Kifaranga akimsikia anainua kichwa na kuita "Baba!", na watu wamezoea, wengine huongeza sauti kwa ajili yake. Hana sura ya baba yake kichwani, alikuwa hajaanza kutembea. Ana sauti tu. Hatukuwahi kumrekodi kwa jambo lingine. Nani humrekodi mtu aliye chumba cha pili?

Sasa watu wameanza kumfuta. Wananiambia na mimi nifute kila kitu kwenye kompyuta kabla hawajaja. Wewe ndiye mtu wa ofisi hiyo. Niambie kama ni kweli. Sitagusa kitu mpaka nipate jibu lako.

Dada yako


27 Februari

Dada yangu,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, ingawa si habari ya kufurahia. Huku tu wazima. Mke wangu anaanza kufuma sweta nyingine, safari hii mikono ataifanya mirefu hadi magotini. Mama mwambie apake mafuta ya moto usiku.

Barua yako ilichelewa. Ilikaa kwenye kisanduku cha idara ya jirani, chini ya bahasha ambazo hazina mwenyewe.

Sikiliza. Sheria ipo, sitakudanganya. Kunakili kazi ya mtu na kuiuza bila idhini yake ni kosa, na shemeji alilijua. Nilimwambia mara nyingi, akanijibu kwa mzaha. Lakini hayo mengine ni uongo mtupu. Mimi nimekaa masjala ya ofisi hii miaka sita. Hatuna mashine ya kusikiliza simu ya mtu. Tuna feni moja na printa inayotafuna karatasi. Mkaguzi akitoka huenda kwa mwenye biashara, na kitambulisho, na hati. Haendi kupekua simu ya mama anayemenya vitunguu. Na marehemu hashtakiwi.

Kwa hiyo usifute kitu. Narudia, usifute kitu. Ukitaka, wasomee majirani barua hii. Nitamwomba mkuu wangu atoe na barua rasmi yenye muhuri.

Unasema hujausikia huo ujumbe kwa masikio yako. Usijisumbue kuutafuta. Ni takataka, utakutia huzuni bure. Akija mtu kukuwekea, mwambie hutaki. Niahidi hilo.

Mdogo wako


21 Machi

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu na anauliza kama unakula mboga. Kifaranga amejifunza kuvaa viatu, ila cha kushoto anakipenda mguu wa kulia. Cherehani ya jirani ilikatika mkanda, tukaufunga kwa utambi wa taa, unakwenda.

Nilifanya ulivyosema. Jumamosi nilikwenda na barua yako kwa kinyozi, ambako watu hukusanyika, nikaisoma yote. Kwenye feni walicheka, nikadhani mambo yamekwisha. Kisha mwenyekiti wa mtaa akaniomba nirudie.

"Pale anaposema miaka sita. Huyu aliyeandika anafanya kazi wapi?"

Nikamwambia ni ofisi ya hakimiliki, ni karani wa masjala, ni mdogo wangu tumbo moja.

Kinyozi akazima mashine. Mteja akabaki na nusu kichwa.

"Yaani mama," kinyozi akasema, "miaka yote mumeo anatuingizia nyimbo, anatuandika kwenye daftari, kumbe shemeji yake yuko kulekule yanakopelekwa majina?"

"Daftari ni la nyimbo mnazopenda," nikasema. "Ili asimpe mtu wimbo uleule mara mbili."

"Ndiyo hivyo. Jina na wimbo. Wanataka nini kingine?"

Muuza mkaa akadakia: "Tumefuga chatu, tukamvaa kama mkanda."

Wakacheka tena, lakini si kile kicheko cha feni. Nikasema barua yenye muhuri inakuja. Mwenyekiti akakunja mikono. "Lisemwalo lipo, mama. Kama halipo, laja."

Tangu siku hiyo, kila nikifungua mlango asubuhi nakuta kadi za simu za kuhifadhia nyimbo, zile ndogo kama ukucha, zimeachwa kizingitini. Siku ya kwanza zilikuwa mbili. Leo nimeokota kumi na tisa. Nyingine zimevunjwa katikati. Hakuna anayebisha hodi, hakuna anayesema neno. Ni kama wananirudishia mume wangu kidogo kidogo. Naziweka kwenye kopo la vifungo.

Na mtaa umenyamaza. Kinyozi ananyoa bila muziki. Kijana wa baiskeli anapita, unasikia mnyororo tu. Jana nilipita na Kifaranga mgongoni, kuanzia kisimani mpaka kibandani, hakuna aliyetusalimu kwa sauti ya Fundi Waya. Mtoto aliinua kichwa palepale alipozoea, mbele ya muuza mkaa. Akasubiri. Kisha akaniuliza, "Baba kanyamaza?"

Sasa imebaki kompyuta peke yake. Mwenyekiti anataka iharibiwe mbele ya watu, pamoja na daftari, ili kila mtu alale usingizi. Nimeomba muda. Barua yenye muhuri iko wapi?

Na kitu kingine. Kwa nini unanikataza kuusikiliza ujumbe ule? Sijausikiliza, nimekutii. Nauliza tu.

Dada yako


12 Aprili

Dada yangu,

Mwambie mama nakula mboga. Mwambie na mchicha pia.

Mkuu wangu amekataa. Alisema ofisi haikanushi uvumi wa kwenye simu, tukikanusha huu kesho tutakanusha mia. Nilipokuwa natoka nilimsikia akimwambia mwenzake kwamba uvumi wenyewe haujatudhuru. Watu wanafuta wenyewe, na hatujatuma hata mkaguzi mmoja. Walicheka. Sikuweza kubishana chumbani mle. Yapo mambo yalinibana.

Wanachotaka ni kumjua mwenye sauti, kwa kuwa alijifanya ofisa. Wameunda kamati. Tunaitwa mmoja mmoja.

Dada, toa kompyuta kibandani leo hiihii. Ipeleke kwa mama, uifunike kama kapu la nguo chafu. Usimwambie mtu, hata fundi cherehani. Likizo yangu haijafika, ningekuja. Ningekuja, nakuapia.

Nilikosea kukuambia uwasomee barua. Nisamehe kwa hilo, na kwa lolote jingine.

Mdogo wako


3 Mei

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Kifaranga alikuwa na homa siku mbili, imeshuka.

Barua yako ilifika Jumanne. Watu walikuja Jumatatu, saa nne asubuhi, jua kali, hakuna aliyejificha. Walisimama ua wa nyuma ya kibanda, karibu na lile pipa la maji ya mvua. Walikuwa wapole. Muuza mkaa alinipokea mtoto ili mikono yangu iwe huru.

Niliwaomba kitu kimoja. Nikasema, tuiwashe, itoe salamu moja tu, mtoto asikie, kisha mfanye mnalotaka.

"Ukiiwasha inapeleka taarifa," kinyozi akasema. "Ujumbe umesema."

"Haijaunganishwa na kitu. Hata waya wa umeme nimeushika mimi."

"Mama, tafadhali. Usitutie wote matatani."

Hakuwa na hasira, mdogo wangu. Alikuwa anaogopa. Huyu ndiye aliyekuja kumnyoa mume wangu kitandani wiki yake ya mwisho, bila kuitwa, na akakung'uta shuka mwenyewe. Sasa alikuwa ameshika nyundo.

Nikamwambia aiweke chini, nitafanya mimi. Sikutaka mkono mwingine uanze. Niliibeba kompyuta, ina uzito wa mtoto wa mwaka mmoja, nikaizamisha kwenye pipa. Ilitoa mapovu. Ilikaa ikitoa mapovu kuliko nilivyodhani, mpaka mwenyekiti akageuka pembeni. Daftari likafuata. Walipoitoa, nyundo ikamalizia, kila mtu mara moja, ili asiwepo wa kumsema mwenzake.

Kifaranga alifurahia mapovu.

Walipoondoka nilikaa na kopo la vifungo. Kadi zisizovunjika zilikuwa arobaini na moja. Nikaazima simu ya fundi cherehani nikazijaribu zote, moja moja, nikifikiri labda mmoja wao alisahau kufuta wimbo. Hakuna aliyesahau. Nyingine zina picha za watoto wao, harusi, mbuzi. Mume wangu hamna.

Kadi ya thelathini na mbili ilikuwa na ujumbe ule.

Najua ulinikataza. Nimeusikiliza mara tatu. Sauti imechakaa, imepita simu nyingi, mtu baki hawezi kuijua. Anasafisha koo mara mbili kabla ya kuanza, kama baba yetu alivyofanya, na kama mtoto wake mmoja anavyofanya. Anasema "nasema na narudia". Halafu mwishoni inakatika ghafla, kama kamba.

Fundi cherehani akaniuliza, "Unamjua?" Nikamwambia simu yake imekwisha chaji.

Sitaandika zaidi. Nafasi iliyobaki kwenye karatasi hii ni yako.

Dada yako


30 Juni

Dada,

Nimeanza barua hii mara nyingi kwa kuuliza magoti ya mama, nikaona aibu. Niwie radhi, leo sina salamu.

Sauti ni yangu.

Zilikuwa siku zile uko kwa mama, Kifaranga ana wiki mbili. Shemeji alinipigia akilalamika. Watu anaowaingizia nyimbo wanarushiana wenyewe kwa wenyewe, hawarudi kibandani. "Shemeji, wananiibia," akasema. Nikamjibu, "Mwizi naye huibiwa?" Tulicheka mpaka nikapaliwa. Akasema, "Wewe si mtu wa serikali? Nitengenezee sauti ya kuwatisha, nimwekee yule kinyozi."

Nikasafisha koo nikatunga. Mashine inayosikiliza, nilitunga. Sauti inayonaswa kwanza, nilitunga, ili kumchokoza yeye mwenyewe na salamu zake. Nilikuwa nimelala kitandani na soksi zangu. Yeye alikuwa anarekodi upande wake. Nilipomaliza aliangua kile kicheko chake cha kukwaruza, akasema, "Huyu ni shemeji yangu, msimwogope, hata kuku hamwezi. Sikiliza taratibu, usiunguze spika." Nadhani aliwawekea wateja wawili watatu, wakacheka, wakasahau. Akanitumia na mimi nakala yake.

Aliyeurusha mwaka huu, simjui ni nani, alikata kicheko. Amebakiza woga peke yake.

Najua unalotaka kuniuliza sasa, na ndilo lililonichelewesha miezi miwili. Ile nakala ilikuwa na mwisho wake. Sekunde kumi na moja za shemeji, anacheka, anasema salamu yake. Ilikuwa kwenye simu yangu.

Wiki ile barua yako ya kwanza ilipofika, mkuu aliweka simu mezani akauchezesha ujumbe ule mbele yetu, akitutazama usoni mmoja mmoja. Sauti ilivyochakaa hakuna aliyenijua. Nilisema naumwa tumbo. Nikaenda chooni nikaufuta wa kwangu. Kisha nikarudi mezani, nikachukua karatasi, nikakuandikia usifute kitu.

Nilijua hakuna mashine, dada. Nilijua kuliko mtu yeyote. Niliitunga mimi. Na bado nilifuta.

Kamati haijamaliza. Sijasema. Sijui niandike nini hapa chini. Nisamehe.

Mdogo wako


19 Julai

Mdogo wangu,

Magoti ya mama ni yaleyale. Sweta imefika, mikono inakunjwa mara mbili, Kifaranga analificha kopo la vifungo ndani yake.

Barua yako nimeisoma peke yangu. Sijamsomea mtu. Mama nimemwambia unakula mboga.

Umeniomba msamaha. Nitakujibu ukiwa umesimama mbele yangu, si kabla.

Nilidhani wakishavunja watalala usingizi. Hawajalala. Wiki iliyopita mlango wa fundi cherehani ulichorwa alama ya chaki. Inasemekana aliniazima simu, na simu yake sasa "imebeba" yaliyokuwa kwenye zile kadi. Anaifuta ile chaki asubuhi, jioni inarudi. Ameacha kuimba akishona. Ameanza kufungasha vitambaa.

Jana nilipita mbele ya muuza mkaa. Kifaranga akainua kichwa kama kawaida yake, akasubiri. Kisha, mdogo wangu, akaitoa ile salamu mwenyewe. Kwa sauti ya kukwaruza, na ule mtuo wa baba yake baada ya "taratibu". Alisema yote, mpaka spika.

Muuza mkaa aliweka kidole mdomoni. "Mama, mnyamazishe mtoto." Akatazama huku na huku. Barabara ilikuwa tupu.

Sikumnyamazisha. Lakini ana miaka miwili na nusu, na mambo ya umri huo husahaulika kabla meno hayajaisha kuota. Akiwekewa vidole mdomoni kila mtaa, ataacha mapema zaidi.

Kwa hiyo njoo. Usisubiri likizo. Usilete barua, usilete muhuri. Simama kwa kinyozi Jumamosi, safisha koo mara mbili, uanze kama ulivyoanza siku ile ukiwa na soksi zako. Wataitambua sauti yako, wameisikia kuliko ya mtu yeyote. Siwezi kukuahidi kwamba watakuacha utoke ulivyoingia. Nyundo bado iko kwa kinyozi, ameitundika ukutani pale ilipokuwa redio.

Uiseme yote mpaka pale ilipokatwa. Kicheko usijaribu. Ukifika hapo nyamaza, nami nitamwinua Kifaranga.

Dada yako